Chuma Kisichogongwa

4 Desemba 1993, Jumamosi

Tumemzika Baltazar leo mchana. Mvua ya kwanza ya maana ilianza padri akinyunyizia jeneza maji ya baraka, na watu wakasema ni dalili njema. Ni Desemba. Songea mvua huanza Desemba.

Mimi ni mpangaji kwenye nyumba yake hapa Mfaranyaki tangu gazeti liliponileta mkoa huu, na dirisha langu linatazama karakana. Kifo chake kinatoshwa na sentensi moja: malaria ilimpanda kichwani, akakaa hospitali siku chache, akafa. Kazi yake inahitaji zaidi.

Yeye na mdogo wake Polikarp walikuwa wakifufua vyuma vilivyolika. Miaka ile spea ilipokuwa haipatikani hata kwa kibali, shafti ikilika, Polikarp aliijazia kwa kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikanenepa kupita ilivyotoka kiwandani, kisha akaikereza irudi kipimo chake. Kati ya tabaka na tabaka Baltazar aligonga: nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mepesi yaliyokaribiana, chuma kikiwa bado chekundu kwa mbali. Halafu kinalazwa kwenye majivu kipoe taratibu. Kinakerezwa, kinasuguliwa kwa msasa na mafuta mpaka ukipitisha ukucha hukwami popote. Niliwahi kumwuliza kwa nini ahangaike na ngozi ya chuma wakati anayebeba mzigo ni kiini.

"Chuma cha kuongezwa kina hasira, dada," akasema. "Kikipoa kinajivuta. Usipokituliza kitatafuta pa kupasukia, na siku zote kinaanzia kwenye ngozi."

Tuliporudi makaburini, mjane wake Imaculata aliitundika ile nyundo kwenye msumari juu ya fuawe, akafunga karakana, akaweka ufunguo kifuani. Wazee wao walikuwa wahunzi. Katika ukoo huu nyumba ikifiwa, nyundo hailii mpaka tanga lianuliwe, na litaanuliwa kwa misa ya arobaini.

9 Desemba

Mvua. Waombolezaji wamejaa mpaka kwenye veranda yangu.

15 Desemba

Otto amekuja kutoa pole. Ndiye mwenye basi la Tunduru na Nalasi, na dereva wake ni Dionis, mtoto mkubwa wa marehemu. Basi limewekwa juu ya mawe nyuma ya stendi, gurudumu la mbele kushoto limetolewa. Kile kiekseli kifupi kinachobeba gurudumu, mafundi wanakiita stabu, kimelika pale bearing inapokaa.

Baada ya pole alibaki ameketi. Alizungumza kwa upole. Zamani kulikuwa na mabasi ya serikali tu na abiria walisubiri wiki nzima bila kulalamika. Sasa kila mwenye duka ananunua basi, wako wanne kwenye njia ile ile. Stabu za Dubai madukani hazilingani na gari lake. Alisema hamharakishi mfiwa yeyote, ila siku tanga litakapoanuliwa basi lazima liwe barabarani, likiwa na Dionis au likiwa na mwingine.

Dionis alimtazama baba yake mdogo. Polikarp alitazama chini.

18 Desemba

Mwanga wa bluu kwenye dirisha la karakana tangu asubuhi. Polikarp ameomba ufunguo kwa shemeji yake, naye kampa. Mzee mmoja wa ukoo alitaka kujua imekuwaje. Polikarp akamjibu kwamba mwiko umetaja nyundo, haukutaja moto. Watu wakacheka mkekani. Nami nilicheka.

25 Desemba

Krismasi bila pilau. Mvua.

13 Januari 1994

Misa ya arobaini. Tanga limeanuliwa, wafiwa wamenyolewa, pombe imenywewa. Basi la Otto litaondoka kesho na Dionis kwenye usukani. Nimemwona akipiga honi bure pale stendi, kama mtoto.

29 Januari, Namtumbo

Nimeletwa na habari ya ajali kwenye mashine ya kusaga ya Mwanaisha, mjane anayesaga mahindi ya nusu ya mji huu. Shafti ilikatika mashine ikiwa kwenye kasi. Puli ilimpata Joachim, mwendeshaji. Daktari amemkata mkono juu ya kiwiko. Ana watoto watano. Amelala ametazama ukuta na aliomba nisimwulize kitu, nikatii.

Nilikitazama chuma. Mahali kilipokatikia, nusu ni laini kama jiwe la mtoni, ina mistari ya mviringo inayoanzia pembeni na kupanuka kuelekea ndani. Nusu nyingine ina chembechembe kama sukari guru. Nimeona vyuma vingi vilivyokatika katika kazi hii. Nusu laini ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea kidogo kidogo. Nusu ya chembechembe ni siku ya mwisho. Ufa ulianzia kwenye ngozi, pale chuma kilichoongezwa kinapokutana na cha asili.

Mwanaisha alikifunga kipande kwenye kipande cha khanga akanipa.

"Mpelekee aliyekitengeneza," akasema. "Mwambie simlaani. Akiangalie tu."

30 Januari

Nimempa Polikarp kile kipande. Alikipitishia ukucha, akakiweka mezani upande uliokatika ukiwa chini. Nilimweleza kuhusu Joachim, mkono na watoto, kwa mpangilio huo. Akaniuliza ni mkono upi. Nikamwambia wa kulia.

4 Februari

Mvua. Njia ya Tunduru inapitika kwa shida.

9 Februari

Wateja watatu wamefukuzwa leo. Polikarp anawaambia umeme mdogo. Taa yangu inawaka vizuri.

16 Februari, Jumatano ya Majivu

Wote walikwenda kanisani kupakwa majivu. Nilibaki nikiandika taarifa ya bei ya tumbaku. Kama saa tisa hivi, mvua ikiwa kubwa, nilisikia nyundo karakanani. Mapigo matatu mepesi kwenye chuma, moja kwenye fuawe. Matatu, moja. Baltazar alikuwa akipumzisha mkono hivyo.

Nilikwenda. Kufuli limefungwa. Nilichungulia dirishani: nyundo iko msumarini, utando wa buibui umetoka kwenye mpini mpaka ukutani, haujakatika. Niliangalia paa kama kuna tone linalopiga debe. Halivuji. Nikiwa pale dirishani sauti haikuwapo. Niliporudi mezani ikaanza tena.

Ng'ambo ya barabara jirani yetu Zabibu alikuwa akikaanga maandazi ya futari chini ya turubai. Nilimwuliza kama anasikia kitu.

"Si Polikarp huyo? Kila siku ya mvua tangu mwaka mpya," akasema, bila kuondoa macho kwenye karai. "Afadhali amerudi kazini, masikini."

Sina maelezo. Naandika nilichosikia na alichosema shahidi.

18 Februari

Nimemweleza Imaculata. Hakushtuka. Yeye anasikia tangu kabla ya misa ya arobaini, na alidhani ni masikio ya mfiwa. Anaamini mumewe hajaondoka, kuna jambo analidai. Aliniuliza, kama mtu aliyesoma, marehemu anaweza kudai nini. Nikamwambia katika kazi yangu wanaodai ni walio hai. Hakupenda jibu hilo.

1 Machi

Polikarp amekuja mlangoni kwangu baada ya chakula cha mchana. Amekonda. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti na mgongo wake kuelekea karakana.

Alisema wakati wa tanga alifanya vyuma viwili. Alijazia tabaka zote bila kugonga hata moja, kwa sababu mkekani walikuwa watu arobaini wenye masikio. Hakuweza hata kuvilaza kwenye majivu, kwa kuwa jiko la majivu lilikuwa likipikia msiba. Alikereza, akapitisha msasa, vikang'aa. Kwa macho havikuwa na tofauti na kazi yoyote waliyowahi kutoa.

"Cha kwanza ni cha Namtumbo," nikasema.

"Ndiyo."

"Cha pili?"

"Stabu ya Dionis."

Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu nilipomletea kile kipande. Akasema amekuwa akijiambia kwamba shafti ya mashine huzunguka usiku na mchana na stabu haizunguki. Halafu amekuwa akijiambia kwamba huenda Joachim alikaza mkanda kupita kiasi. Mwisho akasema sababu yenyewe.

"Aliyetundika nyundo ni mama yake. Nitamwambiaje kwamba heshima aliyompa mumewe ndiyo itakayomwua mwanawe?"

Basi liko Nalasi. Mto umepanda na magari yote yamekwama upande ule tangu Ijumaa. Tulikaa tukiisikiliza mvua. Sijawahi kuiombea mvua ya Songea iendelee. Leo niliiombea.

2 Machi

Nimekwenda kwa Otto. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kipande cha Namtumbo. Alikishika kwa heshima, akakirudisha.

"Mama, stabu ile imebeba watu tangu Januari," akasema. "Barabara ya Tunduru ingekuwa imeshaivunja mara kumi. Gari likilala nyuma ya stendi, abiria wangu watalala kwa jirani yangu. Ukitaka kuandika gazetini, andika. Wasomaji wako wanapanda basi."

Nilimwomba walau alifungue gurudumu litazamwe. Akasema fundi akishaanza kutazama, haishi kuona. Nilikwenda pia kwa askari wa usalama barabarani. Akataka kujua ni ajali ya lini. Nikamwambia bado haijatokea. Alifunga daftari.

3 Machi

Polikarp amemwambia shemeji yake, mbele yangu, kwa Kingoni, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nishuhudie. Imaculata alikuwa akichambua maharage. Aliuliza swali moja: kama Dionis mwenyewe anajua. Hajui. Akaendelea mpaka maharage yakaisha.

Jioni amewaita wazee wa ukoo. Amewaambia Baltazar anagonga karakanani, majirani ni mashahidi, kwa hiyo tanga lilianuliwa vibaya na linapaswa kuwekwa tena. Watoto wote warudi nyumbani. Asiwepo atakayeshika kazi yake mpaka misa isomwe upya. Wazee wamekubali, nao wamesikia habari za nyundo. Stabu haikutajwa. Hivyo Dionis atatoka kwenye usukani bila mtu kumwaibisha baba yake mdogo, bila Otto kuombwa chochote.

Niliona ni busara. Naliandika neno hilo hapa jinsi nilivyoliwaza leo.

6 Machi

Mvua imepungua. Wanasema mto unashuka.

8 Machi

Basi limefika saa kumi likiwa na matope mpaka madirishani. Tulilisubiri stendi watatu. Dionis alishuka akicheka na kondakta wake. Mama yake alimshika mikono yote miwili akamwambia kuna tanga. Akauliza nani kafa. Akamwambia ni baba yako, bado.

Hakuelewa, lakini alikuja. Ni mtoto mtiifu. Imaculata amelala usingizi mchana kwa mara ya kwanza tangu nianze kumfahamu.

10 Machi, Alhamisi

Lazima niandike hili taratibu.

Tulikuwa mkekani baada ya chai. Aliingia kijana mrefu, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, kilo mbili za sukari mkononi. Ni Valence, aliyekuwa akiendesha lori la mbolea. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Alipofika kwa Polikarp alisema shikamoo fundi, akampa pole ya kaka yake. Kwa Imaculata alipiga goti.

Kisha akakaa karibu na Dionis, wakashikana mikono jinsi marafiki wanavyoshikana. Akasema Otto amemwita jana, atashika basi mpaka tanga liishe. Alitaka Dionis alisikie kutoka kinywani mwake, asije akafikiri ananyang'anywa.

"Usukani ni wako, kaka," akasema. "Mimi nakuwekea joto tu. Kesho alfajiri naondoka nalo."

Dionis akacheka. Akamwonya juu ya gia ya pili na shimo la kabla ya daraja. Wakazungumzia matairi.

Nilimtazama Imaculata. Alikuwa akitazama sukari. Nilimtazama Polikarp, naye alinitazama mimi, nadhani akingoja niseme, kwa kuwa kusema ndiyo kazi yangu. Mimi nilingoja aseme yeye, kwa kuwa chuma ni chake. Valence alikunywa chai, akashukuru, akasema mke wake Adela atakuja Jumapili kusaidia kupika. Alipoondoka Imaculata alimsindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa.

Nyundo haikusikika leo. Nilisikiliza.

11 Machi, Ijumaa

Polikarp alikuwa mlangoni kwangu kumepambazuka, chupa ya mafuta ya taa kwapani na mfuko wa spana begani. Alisema basi limeondoka na abiria wamesimama mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshavaa.

Tulipata lori la mahindi kuelekea Namtumbo. Tulipanda juu ya magunia. Kwenye kila kona na kila mteremko Polikarp alisimama kutazama mbele, kisha anakaa. Njia ilikuwa tope tupu. Tope ndilo lililotusaidia: mtu hawezi kukimbia juu yake.

Tulilikuta basi Namtumbo, abiria wakinywa chai. Valence alikuwa akipangusa kioo. Alifurahi kutuona, akadhani tumekuja kupanda. Polikarp alimwambia anataka kutazama gurudumu la mbele kushoto. Hakueleza. Valence alisita, akamtazama kondakta, akaleta jeki. Alimwamini fundi.

Abiria walianza kukusanyika. Mwanamume mmoja mwenye jogoo kikapuni alitangaza kwamba Songea sasa mafundi wanafuata magari kama mbwa wanavyofuata bucha. Watu wakacheka. Gurudumu likatoka, ngoma ikatoka, stabu ikaonekana, inang'aa. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri kwa macho.

Polikarp aliiosha kwa mafuta ya taa. Akangoja yanywee. Akaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka kabisa. Akaomba unga kwa mama muuza chai. Akapewa wa muhogo, mweupe, akaupuliza kutoka kiganjani mpaka stabu ikawa nyeupe pande zote. Kisha akagonga pembeni kwa spana, polepole.

Hakuna kilichotokea, na yule wa jogoo akasema fundi anapika ugali. Halafu mstari ukapanda kwenye unga. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukalowa, ukawa mnene kama mshono. Ulianzia pale chuma cha kuongezwa kilipokutana na cha asili na kuzunguka stabu karibu nusu. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakirudi nje.

Hapakuwa na aliyecheka tena. Mama mmoja alimshusha mtoto mgongoni akamshika mbele yake.

Polikarp alisimama. Mikono yake ilikuwa myeupe.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ilitakiwa kugongwa. Sikuigonga. Tulikuwa kwenye msiba."

Wengine walianza kudai nauli, kondakta akajificha nyuma ya gari. Valence hakusogea. Alikuwa amechuchumaa, uso wake karibu na ule mstari. Nilimwona akipanga mambo kichwani. Kisha akainuka.

"Umejua lini, mzee?"

"Tangu Januari nilishuku."

"Na mama Dionis?"

Polikarp aliinama kuokota spana. Valence akanigeukia, nami nikamwambia: tangu wiki iliyopita, sote watatu.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu ikalingana. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo Dionis mlimwekea tanga atoke garini," akasema. "Jana nimekunywa chai yenu. Mimi mlikuwa mmepanga kunililia lini?"

Valence alifuta mikono kwenye lile shati, akachukua mfuko wake chini ya kiti cha dereva, akaanza kutembea kuelekea Songea. Lori tulilorudi nalo lilimpita njiani. Dereva alisimama, akamwita. Alikataa kupanda alipokuwa ameketi Polikarp.

14 Machi

Otto ameagiza stabu Dar es Salaam. Alipita hapa akasema alikuwa na nia ya kulitazama gurudumu safari ijayo. Nimetuma habari: basi lenye abiria sitini na mmoja limezuiwa Namtumbo, chanzo, jina la fundi kwa ridhaa yake, jina la mwenye gari. Mhariri amejibu kwa simu kwamba basi lisiloanguka si habari.

20 Machi

Dionis amekwisha kuambiwa yote, na Valence mwenyewe. Amehamia kwa rafiki mmoja wa stendi. Hakugombana na mtu. Alimwambia mama yake kwamba anashukuru, na kwamba hataki kumwona kwa sasa.

27 Machi

Misa ya pili ya Baltazar. Watu wachache. Polikarp anakwenda Namtumbo kila Jumatatu kumfanyia Joachim kazi za shamba. Joachim bado anatazama ukuta.

3 Aprili, Pasaka

Mvua zinakwisha. Asubuhi imekuwa na jua la kuanikia.

Imaculata aliamka mapema akachinja kuku wake mweupe. Akapika pilau kwa mikono yake, akachagua mapaja yote mawili, akapanga kwenye sahani ya udongo aliyopewa siku ya harusi yake, akafunika kwa kawa mpya. Hakumtuma mtu. Alijitanda khanga, akaibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa Valence. Amenieleza kwamba Adela alimpokea vizuri, akamwamkia, akamkaribisha kiti, akachukua sahani kwa mikono miwili. Valence hakuwapo, au hakutoka. Hawakuzungumza juu ya jambo lolote.

Saa nane mchana Adela ameileta. Kwa watu hawa sahani haiendi tupu na hairudi chafu. Huoshwa, na huwekwa kitu ndani, walau yai, walau chumvi. Aliiweka kwenye veranda, akatuamkia wote kwa adabu, akasema Pasaka njema, akaondoka.

Imaculata alifunua kawa. Wali ulikuwa kama alivyoupanga, na mapaja mawili juu yake. Hakuna punje iliyosogezwa.

Ameifunika tena. Naandika haya nikiwa dirishani, na bado ameketi pale, ameipakata.